Mashindano ya poka yasiyo na kiingilio: yanavyoendeshwa na nani hulipa gharama zake

Mtu anayefungua programu ya simu au tovuti ya mchezo wa karata wa poka hukutana mapema na tangazo linalomwalika katika mashindano ambayo kiingilio chake ni sifuri na zawadi yake ni fedha taslimu. Mwaliko huo si lazima uwe wa ulaghai. Mashindano ya poka ya bure yapo, yamekuwapo kwa miongo kadhaa, na washindi wake hulipwa. Hata hivyo, zawadi hiyo hutoka katika mfuko wa mtu fulani, naye huitoa kwa matumaini ya kuirejesha pamoja na faida. Anayetaka kuyaelewa mashindano haya hana budi kufahamu mambo mawili: namna karata zinavyochezwa hadi apatikane mshindi mmoja, na safari ya fedha ya zawadi tangu inapotengwa hadi inapomfikia mshindi, ikiwa inamfikia.

Aina ya poka inayotumika katika sehemu kubwa ya mashindano hayo huitwa Texas Hold'em. Huchezwa kwa karata 52. Kwa aliyezoea michezo ya karata ya barazani, ambako turufu huamua na wachezaji hushirikiana wawili wawili, poka ina tofauti kubwa: haina turufu wala mshirika. Kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo huziona yeye peke yake. Kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani kwa awamu, kwanza tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kabla ya awamu ya kwanza na baada ya kila awamu, wachezaji huamua kwa zamu kama wataweka dau, watalifikia dau la mwenzao, watalipandisha au watatupa karata zao. Mwisho wa mgao, mwenye mkusanyiko bora wa karata tano kati ya zile saba anazoweza kuzitumia huchukua dau lote. Wengine wote wakitupa karata kabla ya hapo, aliyebaki hushinda bila kuonyesha alichoshika. Ndiyo maana mtu mwenye karata dhaifu huweza kushinda kwa kuwatia wenzake hofu, na ndiyo maana mchezo huu una ujuzi ndani yake ingawa bahati haiondoki.

Katika mashindano, dau huwekwa kwa vidude vya duara viitwavyo chipu, na chipu hizo si fedha. Kila mshiriki huanza na idadi sawa. Zikimwishia, ametolewa. Aliyekusanya chipu 40,000 hawezi kusimama katikati ya mchezo na kudai abadilishiwe kwa fedha. Kinachomlipa ni nafasi atakayotokea katika orodha ya mwisho. Mantiki hii ndiyo inayowezesha mashindano ya bure kuwapo. Mwandaaji anaweza kugawa mamilioni ya chipu bila kutumia hata senti moja, kwa sababu deni lake halisi ni ile zawadi aliyoitangaza tu.

Kama kila mchezaji angeruhusiwa kusubiri karata nzuri bila gharama, mashindano yasingekwisha. Kwa sababu hiyo, wachezaji wawili katika kila mgao hulazimika kuweka dau kabla ya kuziona karata zao, mmoja dogo na mwingine mara mbili yake, na wajibu huo huzunguka meza. Dau hilo la lazima hupanda kila baada ya muda uliopangwa.

Mfano wa hesabu huonyesha nguvu ya kanuni hii. Watu 1,000 wakianza na chipu 1,500 kila mmoja, jumla ya chipu zote ni 1,500,000, na jumla hiyo haibadiliki hadi mwisho. Dau la lazima likianza na chipu 10 kwa 20, mchezaji ana mara 75 ya dau kubwa na anaweza kuwa mvumilivu. Likipanda kila dakika kumi kwa mpangilio wa kawaida, ngazi ya 21, ambayo huanza baada ya saa tatu na dakika ishirini za mchezo, huwa imefikia chipu 10,000 kwa 20,000. Kufikia hapo, chipu zote zilizomo katika mashindano ni sawa na mara 75 tu ya dau kubwa. Wakiwa wamebaki watu kumi, kila mmoja kwa wastani ana mara saba na nusu ya dau hilo. Subira haina nafasi tena. Anayengoja karata bora humalizwa na dau la lazima kabla hazijaja. Mwandaaji anayetaka mashindano mafupi hupunguza dakika za kila ngazi, na kadiri zinavyopungua, ndivyo ujuzi unavyopungua thamani na bahati inavyoongezeka. Mashindano mengi ya bure huendeshwa kwa ngazi fupi.

Meza kwa kawaida huwa na viti tisa au kumi. Wachezaji wanapotolewa, programu huvunja baadhi ya meza na kuwahamishia waliobaki kwenye meza nyingine, ili idadi isitofautiane sana, hadi ibaki meza moja ya mwisho. Kuna wakati mmoja ambao mwendo hubadilika kabisa: pale anapokuwa amebaki mtu mmoja tu wa kutolewa kabla ya waliosalia wote kuingia katika orodha ya zawadi. Ili mtu asichelewesha mchezo kwa makusudi akisubiri wa meza nyingine atolewe kwanza, meza zote hucheza mgao mmoja kwa wakati mmoja, na mgao unaofuata hauanzi mpaka zote zimemaliza.

Mashindano yasiyo na kiingilio hufuata kanuni hizo hizo, lakini mwenendo wa washiriki ni tofauti, kwa kuwa anayetolewa hajapoteza chochote isipokuwa muda wake. Katika mgao wa kwanza si ajabu kuona watu watano au sita katika meza moja wakiweka chipu zao zote kwa pamoja, baadhi bila hata kuangalia walichoshika. Hapo hata karata bora hazitoshi. Ree mbili ndizo karata bora za kuanzia, na kwa wastani mtu huzipata mara moja katika migao 221. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, hushinda takriban mara 85 katika 100. Wapinzani wakiwa wanne, hushinda mara 56. Wakiwa tisa, hushinda mara 31 tu, yaani aliyeshika karata bora kuliko wote mezani ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutolewa kuliko wa kubaki. Hata anayekutana na mpinzani mmoja mmoja, akishika ree mbili kila mara, jambo ambalo halitokei, uwezekano wake wa kushinda mara tano mfululizo ni asilimia 44.

Wapo pia wanaojiandikisha na kusahau, au wanaofungua meza na kuendelea na shughuli nyingine. Programu huendelea kuwakata dau la lazima kila zamu inapowafikia, na kuzitupa karata zao, mpaka chipu ziishe. Mchezaji mtulivu aliyebahatika kukaa katika meza yenye viti vingi vya namna hiyo huokota chipu kidogo kidogo bila kupambana na mtu. Wazoefu wa mashindano haya hutegemea sana hali hiyo kuliko hila za kuigiza ujasiri, maana ni vigumu kumtisha mtu asiye na cha kupoteza.

Jambo lingine ambalo msomaji anapaswa kulitazama ni maana ya neno bure lenyewe. Yapo mashindano ambayo mlango wake hauna kiingilio, lakini aliyeishiwa chipu katika saa ya kwanza huruhusiwa kununua nyingine kwa fedha halisi, na saa hiyo inapokwisha wote hupewa fursa ya kununua nyongeza. Fedha hizo huongezwa kwenye zawadi, na mwandaaji huweza kukata ada yake humo. Mshiriki aliyeingia bure na kukataa kununua huendelea kucheza, ila anashindana na watu waliolipa ili wawe na chipu mara mbili au tatu ya alizonazo. Haya ni mashindano ya kulipia yenye mlango wa bure, na tofauti yake huelezwa katika masharti, kwa kawaida mbali na tangazo.

Zawadi nazo hutofautiana. Katika mfano uliotangulia, kama zawadi yote ni Dola za Marekani 50, fungu la kila mshiriki kwa wastani ni senti tano. Zawadi hiyo ikigawanywa kwa watu 100 wa mwisho, walio wengi kati yao hupata chini ya dola moja, na mshindi wa kwanza, aliyeketi kwa zaidi ya saa tatu, hupata dola chache. Wakati mwingine zawadi si fedha bali ni tiketi ya mashindano ya kulipia, au nafasi ya kuingia hatua inayofuata. Mara nyingine ni salio la ziada ambalo haliwezi kutolewa mpaka mchezaji acheze kwa fedha zake kiasi kilichotajwa. Fedha taslimu, tiketi na salio la ziada huandikwa kwa tarakimu zinazofanana kwenye tangazo, ilhali thamani zake mkononi mwa mshindi hazifanani hata kidogo.

Nani basi hulipa? Kampuni ya poka haichezi dhidi ya wateja wake kama kasino inavyofanya kwenye mashine au gurudumu. Kipato chake ni ada. Katika mashindano ya kulipia, tiketi ya dola 11 huwa na maana kwamba dola 10 zinaingia kwenye zawadi na dola 1 inabaki kwa kampuni. Katika meza za fedha za kawaida, hukatwa sehemu ndogo ya dau lililokusanyika. Kampuni hiyo haijali nani ameshinda. Inachohitaji ni watu wengi mezani kwa muda mrefu. Mashindano ya bure ni gharama ya kuwaleta watu hao, sawa na ile ya tangazo la redio au bango la barabarani, na tofauti ni kwamba aliyevutiwa tayari amefungua akaunti, ametoa jina na anwani yake, na amejifunza kubofya mahali panapotakiwa. Akishinda dola tatu, kwa kawaida atataka kuzikuza, na mahali pa kuzikuza ni meza za kulipia.

Mbinu hiyo ni ya zamani kuliko intaneti. Inaelezwa kuwa jina la Kiingereza la mashindano haya lilitokana na desturi ya hoteli za kasino za Las Vegas katika miaka ya 1950 ya kumpa mgeni anayeingia fungu la sarafu ndogo za bure za kuchezea mashine. Sarafu zilikuwa chache, na aliyemaliza zake alikuwa tayari amesimama mbele ya mashine.

Si mashindano yote ya bure yaliyo madogo. Mwaka 2004, wenye mashindano ya dunia ya poka, World Series of Poker, waliwaalika wachezaji kumi mashuhuri mjini Las Vegas katika shindano lisilo na kiingilio ambalo mshindi alichukua zawadi yote ya Dola za Marekani milioni 2. Aliyeshinda ni Annie Duke. Shindano hilo lilionyeshwa na televisheni ya ESPN, na aliyelipa kwa hakika alikuwa soko: kampuni ya kasino iliyotaka jina lake lionekane, na televisheni iliyotaka kipindi. Januari 2019, kampuni ya PokerStars iliandaa mashindano nchini Bahamas yenye kiingilio cha dola 25,000, lakini iligawa bure zaidi ya pasi 300, kila moja ikiwa na thamani ya dola 30,000 kwa kujumlisha kiingilio na gharama za safari. Mshindi, Ramón Colillas wa Hispania, alikuwa mmoja wa waliopewa pasi hizo, na alipata dola milioni 5.1.

Visa vya namna hiyo ndivyo vinavyosimuliwa zaidi. Annette Obrestad wa Norway alieleza kuwa hakuwahi kuweka fedha zake katika akaunti ya poka, bali alianza na vijisenti vya mashindano ya bure. Septemba 2007 alishinda mashindano makuu ya World Series of Poker Europe mjini London na kupata pauni milioni 1, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19. Simulizi hiyo hubeba jambo ambalo wanaoirudia huliruka: alipoanza kucheza mtandaoni alikuwa na miaka 15, umri ambao kampuni yenye leseni hairuhusiwi kumpokea mteja.

Kisa cha Chris Ferguson ni cha manufaa zaidi kwa anayetaka kujua ukweli wa kupanda kutoka sifuri. Ferguson, mwenye shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta na bingwa wa mashindano makuu ya dunia ya mwaka 2000, alijiwekea lengo mwaka 2006 la kufikisha dola 10,000 bila kuweka hata senti moja yake. Alianza na mashindano ya bure peke yake. Alijiwekea masharti magumu: asiweke zaidi ya asilimia 5 ya fedha alizonazo katika meza ya kawaida, wala zaidi ya asilimia 2 katika mashindano ya meza nyingi, isipokuwa katika viwango vya chini kabisa. Alifikia lengo Septemba 2007. Lakini miezi ya mwanzo ilimwendea vibaya. Alishinda dola moja au mbili, akazipoteza, akarudi tena kwenye mashindano ya bure. Ikiwa bingwa wa dunia alihitaji zaidi ya mwaka mmoja wa nidhamu ya namna hiyo, ni rahisi kukadiria hali ya kijana anayeamini kwamba mashindano ya bure ni ajira.

Kampuni ambayo Ferguson alichezea, na aliyokuwa mmoja wa wakurugenzi wake, ni Full Tilt Poker. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa Serikali ya Marekani mjini New York walizifunga tovuti za kampuni kubwa tatu za poka kwa watumiaji wa nchi hiyo, Full Tilt ikiwamo. Septemba mwaka huo, waendesha mashtaka hao walidai kwamba Full Tilt ilikuwa ikidaiwa na wachezaji wake duniani kote takriban dola milioni 390, wakati katika benki ilikuwa na takriban milioni 60 tu. Ferguson alimaliza shauri lake la madai mwaka 2013 kwa makubaliano, bila kukiri kosa. Chini ya makubaliano ya mwaka 2012, kampuni ya PokerStars ilichukua mali za Full Tilt na kugharimia ulipaji wa wachezaji. Wale wa Marekani walianza kupokea fedha zao mwaka 2014, karibu miaka mitatu baada ya tovuti kufungwa. Waliochezea fedha zao na waliozipata kwa jasho la mashindano ya bure walisubiri katika foleni moja.

Tukio hilo ndilo linaloeleza kwa nini mamlaka za usimamizi huuliza swali ambalo mchezaji mwenyewe huwa halifikirii: fedha za wateja zimehifadhiwa wapi? Nchini Uingereza, tume inayosimamia michezo ya kubahatisha huitaka kampuni yenye leseni kumweleza mteja kiwango cha ulinzi wa salio lake iwapo kampuni itafilisika, kwa kutaja moja ya madaraja matatu: hakuna ulinzi wa ziada, ulinzi wa kati, au ulinzi wa juu. Daraja la kwanza linaruhusiwa, mradi lisemwe wazi.

Sheria nazo haziyatazami mashindano ya bure kwa jicho moja. Katika majimbo mengi ya Marekani, kamari ya kisheria husimama juu ya nguzo tatu: mchezaji ametoa kitu cha thamani, matokeo yanategemea bahati, na kuna zawadi. Ikiondolewa nguzo moja, kinachobaki si kamari. Mashindano ya bure huiondoa ya kwanza, na kwa njia hiyo ligi za poka ziliweza kuendeshwa katika baa na migahawa ambako meza za fedha haziruhusiwi. Mwenye baa hufaidika kwa vyakula na vinywaji vinavyonunuliwa siku ambayo vinginevyo ingekuwa na wateja wachache. Lakini akimtaka mshiriki anunue chakula ndipo apewe kiti au chipu za ziada, anakuwa ameirudisha ile nguzo kwa mlango wa nyuma. Katika miaka ya 2000, pengo hilo hilo lilitumika kwenye televisheni ya Marekani: matangazo yalitaja tovuti za poka ya bure zenye anwani inayoishia na .net, huku tovuti ya fedha yenye jina lile lile ikiishia na .com.

Uingereza imechagua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2005 inasema kuwa anayecheza mchezo wa bahati na kupata fursa ya kushinda zawadi anacheza kamari, hata kama hakuhatarisha chochote. Kwa hiyo kuondoa kiingilio hakuutoi mchezo katika mikono ya msimamizi. Poka katika baa inaruhusiwa kwa masharti: dau lisizidi pauni 5 kwa mtu kwa mchezo, na pauni 100 kwa siku kwa baa nzima, zawadi isizidi pauni 100, ada ya ushiriki isitozwe, mchezo wa baa moja usiunganishwe na wa baa nyingine, na wenye umri chini ya miaka 18 wasicheze. Sharti la kutounganisha michezo linazigusa hasa ligi, ambazo mvuto wake ni ngazi za mchujo kuelekea fainali moja kubwa.

Nchini Tanzania, michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyo chini ya Wizara ya Fedha, kwa mujibu wa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41. Uendeshaji wa kasino na wa michezo hiyo kwa njia ya mtandao huhitaji leseni ya Bodi, na mtu mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Tovuti ya nje ya nchi inayomkaribisha Mtanzania katika mashindano ya bure bila leseni hiyo humwacha bila mamlaka ya karibu ya kupeleka malalamiko yake iwapo zawadi haitalipwa.

Na malalamiko mengi huanzia pale pa mwisho, kwenye kutoa fedha. Akaunti hufunguliwa kwa dakika chache, mara nyingi kwa jina na baruapepe tu, lakini ombi la kutoa fedha huibua mahitaji mapya: kitambulisho, uthibitisho wa makazi, na wakati mwingine picha ya mteja akiwa ameshika kitambulisho hicho. Utaratibu huu una sababu ya msingi. Mashindano ya bure huwavutia watu wanaofungua akaunti nyingi kwa majina ya ndugu na marafiki ili kukaa katika viti kadhaa vya mashindano yale yale, na wanaokula njama ya kupeana chipu kwenye meza moja. Kampuni hulinganisha vifaa, anwani za mtandao na namna ya uchezaji, na akaunti inayobainika hufungwa pamoja na salio lake. Wanaoumia hapo huwa pia ni watu wasio na hatia: wanafamilia wawili wanaotumia simu au intaneti moja, au aliyeandika jina la utani wakati wa kujisajili na sasa halilingani na kitambulisho.

Kwa sababu hiyo, masharti yanayostahili kusomwa kabla ya mgao wa kwanza ni machache, na hayahusu karata: leseni imetolewa na mamlaka gani, zawadi ni fedha taslimu au salio la ziada, kiwango cha chini cha kutoa fedha ni kipi, na muda wa mwisho wa kuitumia zawadi ni lini. Aliyeshinda dola tatu katika kampuni ambayo kiwango chake cha chini cha kutoa ni dola ishirini bado hana dola tatu. Anazo chipu nyingine tu, za kuendelea kuchezea.